Chachu ya Bibi na Maji ya Magadi

Jumatatu, 11 Ramadhani
Nimelisha chachu ya mkate ya Bibi, mzungu ninayempikia, kama kila asubuhi. Nusu nimetupa, nimetia unga mweusi wa kwao Ulaya, kikombe cha maji, nikakoroga. Leo imefura papo hapo, povu mpaka mdomoni mwa chupa. Nikajisifu.

Jumanne, 12
Imelala. Uchachu umekwisha, inanuka kama sabuni. Nimeshajua. Jana nilichota kwenye kibuyu cha maji ya magadi, niliyachuja mwenyewe kwa ajili ya mlenda wa futari. Siku nyingine ningeonja. Nimefunga, sikuonja. Mpumbavu mimi. Chachu yenyewe Bibi alipewa na mama yake, amevuka nayo bahari.

Nimeanza nyingine kwa siri. Unga na maji tu.

Alhamisi, 14
Bibi ameionja ile ya zamani, akatema. Kasema ni sabuni, basi ni kazi ya dobi. Mzee Salehe, dobi wetu, akaapa kwa mwezi huu mtukufu kwamba hakuigusa. Mimi nimesimama palepale, mwiko mkononi. Nikageukia sufuria. Kiboko cha Bwana nakijua. Niliogopa.

Mzee kafukuzwa leo leo. Kaondoka Korogwe kwa miguu kwenda kwao Kang'ata, na saumu yake, na jua hili.

Ijumaa, 15
Msikitini wameniuliza Mzee Salehe yuko wapi. Nikasema sijui. Nimefunga, na nasema uongo. Sijui kama hii ni saumu au njaa tu.

Jumatano, 20
Chachu mpya inatoa mapovu. Nimeihamishia kwenye chupa ya ile ya zamani. Maji sasa nayapaka kwanza vidoleni nione kama yanateleza kama ya magadi. Akili imekuja, Mzee keshakwenda.

Jumapili, 24
Mkate umeumuka. Bibi kala vipande vitatu, kasema chachu ya mama yake imepona, na mimi ni mpishi hodari. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Jumanne, 26
Nimemwambia. Nilingoja Bwana aende kwenye mkonge wake. Nikasema yote: kibuyu, magadi, chachu mpya, Mzee Salehe. Nikaomba arudishwe.

Bibi alijikatia kipande cha mkate. Kisha akasema mkate ni mzuri, maneno ya nini tena. Na dobi mpya anapiga pasi kola vizuri kuliko yule mzee. Nirudi jikoni.

Nimerudi. Nimekanda mkate wa kesho.