Ngazi za Jabez

Barnaby, nimejifungia chooni. Pua inatoka damu. Babu amenipiga kwa sahani ya viazi. BABU!

Unajua anavyomtukuza Jabez, baba wa bibi yake, aliyekufa 1891. Leo mezani nikasimama kama kasisi, nikasoma. Cheti cha kifo, Mei: alianguka ngazini nyumbani kwake. Sensa ya Aprili mwaka huohuo, nyumba ileile: chumba kimoja tu.

Nikauliza kwa heshima zote, "Babu, ngazi hizo zilikuwa zinakwenda wapi?"

Sahani ikaruka. Sahani, Barnaby!

"Mshenzi wewe! Unamchafua marehemu!" Akanikaba shingo, kiti kikavunjika. Mimi bado nacheka.

Ndipo dada yake, Bibi Winifred, akapiga meza ngumi. "Mwachie mtoto, Wilf! Keziah, mke wa Jabez, alimpasua mumewe kichwa kwa pasi ya chuma. Yule shujaa wako alikwisha kumvunja mkewe mkono mara mbili. Bibi yetu aliniambia. Aliona."

Babu akaniachia. "Bibi aliona?"

"Watoto wote sita waliona, walilala humohumo. Polisi akawauliza mmoja mmoja, wote wakasema ngazi. Akatazama huku na huku, hakuona ngazi. Akaandika ngazi."