Nyama Inayofuata Jua

Garbatulla, Jumatano, Februari 1981. Alasiri. Jua kali, upepo kidogo, alhamdulillahi.

Leo siandiki nikiwa nyumbani Bulla Pesa, Isiolo. Niko Garbatulla, nimeketi kwenye kigoda, fimbo mapajani, nafukuza mwewe. Mbele yangu kuna kamba za nyama ya ngamia kutoka mlango wa nyumba mpaka kwenye boma la mbuzi. Ukiniuliza nimefuata nini huku nitakwambia ukweli: nimefuata jua.

Isiolo imetushangaza wiki hii. Februari ni mwezi wa kuungua, mwezi ambao hata mbuzi hawataki kutoka kivulini. Sasa mawingu yametukalia tangu Jumamosi. Asubuhi watu wanavaa makoti, wazee wanaota moto nje ya msikiti, na kila mtu anasema, wallahi, baridi hii si ya kawaida. Wengine wanafurahia. Mimi nimekasirika na mawingu, Mungu anisamehe.

Sababu ni Sahra. Binti yangu wa pekee ameolewa Mombasa, na wiki iliyopita walimchukua. Kwetu, Wasomali wa Isiolo mjini, mama wa bibi harusi lazima apeleke nyirinyiri kwa wakwe. Nyama inakatwa vipande virefu, inaanikwa mpaka ikauke kabisa, halafu inakatwakatwa ndogo kama punje za mahindi, inakaangwa na kuzamishwa kwenye samli. Inatiwa kwenye chombo cha kusukwa, chombo kinavishwa nguo nzuri na kufungwa kamba kwa mafundo ya kila aina. Ndugu za bwana harusi wanakalishwa chini wafungue bila kukata, huku wanawake wakiwacheka. Wakishafungua ndio wanaonja.

Na hapo ndipo mama anapohukumiwa.

Ikikauka vizuri inakaa miezi. Isipokauka inachacha, na samli yote inanuka pamoja nayo. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini mkono wenye nyama iliyooza nao utalambwa na nani?

Nilikata nyama Jumatatu, nikaitia chumvi, nikaianika nikijidanganya kwamba mawingu yataondoka saa sita. Hayakuondoka. Jana saa sita niliigusa, bado inateleza kwenye vidole. Na lori la shemeji yangu Jama linashuka Mombasa Ijumaa baada ya swala. Jama hangoji mtu, hata mama yake hakumngoja.

Saa saba redio ikasoma hali ya hewa. Huwa inaanza na Pwani, na Pwani inasomewa kwa heshima zote: upepo wake, bahari yake, manyunyu yake ya hapa na pale. Sisi wa kaskazini tunapewa neno moja mwishoni kama makombo. Lakini jana nilitega sikio. Msomaji akasema Pwani nako kuna ubaridi usio wa msimu, mawingu na manyunyu, na hali hiyo itaendelea mpaka mwisho wa wiki.

Baba Sahra akaruka kitini kama ametangaziwa zawadi.

"Umesikia? Pwani ni baridi! Kaanga hivyo hivyo, upeleke. Itafika salama, wataila, imekwisha."

Nitasema ukweli humu daftarini, maana humu hakuna wa kunicheka. Nilishawishika. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na mume wangu si mjinga. Kwenye baridi nyama mbichimbichi inaweza kuvumilia siku kadhaa. Nilisimama, nikawasha jiko, nikaweka sufuria.

Halafu nikafikiria hilo neno, mpaka mwisho wa wiki. Na baada ya mwisho wa wiki je? Mombasa itarudi kuwa Mombasa, joto na jasho hata ukutani. Siku ya kufungua watakula na kusifu. Siku kumi baadaye mama mkwe atafunua chombo achukue kidogo cha kula na chai, harufu itampiga usoni, na nani atakuwa amesimama jikoni pale? Si mimi. Ni Sahra.

Yule mama si mbaya. Lakini siku ya harusi aliangalia barabara yetu akasema, "Haya, mwanangu, leo tunakutoa kwenye vumbi." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nikatoa meno yote.

Nikaondoa sufuria jikoni.

"Sasa unafanya nini?" Baba Sahra akauliza.

"Naenda Garbatulla. Kule ni nyanda za chini, mawingu hayajafika."

"Kwa ajili ya nyama?"

"Watu wanahamisha ng'ombe kufuata majani na hakuna anayewauliza. Wacha mimi nihamishe nyama."

Alfajiri ya leo Baba Sahra alinisindikiza mpaka kwenye lori la unga, akanibebea kapu mwenyewe. Alifunga kitambaa juu ya kapu vizuri kuliko nilivyofunga mimi.

Kwenye kizuizi askari akatia pua ndani ya kapu. "Mama, unahama?"

"Mimi sihami. Nyama ndiyo inahama."

Alicheka mpaka akasahau kuniuliza kitambulisho. Barabara ilitupiga vya kutosha, mifupa yangu yote inajijua leo. Lakini mbele ya kijiji cha Kula Mawe mawingu yakaanza kupasuka, na nilipoona kivuli cha lori kinakimbia kando yetu juu ya mchanga, nililia. Ndiyo, nililia, mwanamke mzima, kwa sababu ya kivuli. Dereva akadhani naumwa.

Hapa nimefikia kwa Kabale, mama wa Kiborana ambaye ananiuzia samli miaka yote. Hakuuliza mengi. Aliangalia kapu, akaangalia jua, akaita majirani wawili walete kamba. Sasa nyama imeanza kuwa nyeusi na ngumu pembeni. Mwewe amechukua kipande kimoja, na mimi nimemtukana kwa lugha tatu.

Kabale alikuja na chai, akakaa chini karibu yangu.

"Hiyo msichana iko na ndugu huko?"

"Hana. Hana mtu."

"Wewe unajua kama inalia?"

Simu hatuna, na barua haijafika. Najua jinsi Sahra anavyolia, anageukia ukuta ili usimwone. Kule anageukia ukuta wa nani? Nina hamu na mtoto wangu mpaka nasikia kama njaa. Nimezunguka na nyama siku tatu ili nisiseme neno hilo, na sasa nimelisema.

Kabale alingoja nifute macho kwa pembe ya shuka.

"Yangu iliolewa Marsabit," akasema. "Nyumba ya watu kubwa. Mimi sina ng'ombe mingi. Nikatuma samli, safi, ile nzuri kabisa. Basi wakajua iko na mtu."

Akachukua kikombe akaenda kukamua mbuzi.

Jua linashuka sasa. Nitaingiza nyama ndani isipate umande, na kesho likitoka tu nitaitoa. Sitaondoka hapa mpaka kipande kivunjike mkononi kama ukuni. Kisha ni barabara ileile, sufuria, samli, iliki, na usiku mzima wa kufunga mafundo. Nitayafunga magumu, wanaume wa Mombasa watoke jasho kwanza.

Wakishafungua, waulize hiki chombo kimetoka wapi. Sahra ajibu mwenyewe, kwa sauti, katikati ya nyumba ya watu: kimetoka kwetu.