Chubwi la Puani mwa Ndege

Thornton Heath, London
12 Machi 1972

Dada yangu Mwanaisha,

Nisamehe. Miezi mitano bila barua si adabu, najua, lakini mtoto anaota meno na mikono yangu haikauki maji. Sisi wazima. Goti la mama linaendeleaje? Na wanao?

Shaame bado anasomea uhandisi wa ndege. Mwenye nyumba wetu, Bibi Margaret, anakaa chini. Ana miaka hamsini na kitu, na wakati wa vita alikuwa akizirusha ndege za kivita kutoka kiwandani kuzipeleka kambini. Basi Shaame akishakula tu, huyo, chini. Ananiambia Margaret kamfunza kwamba ndege iliyotulia unaweza kuiachia mikono ikaenda yenyewe, ila adui akikufuata inakata kona kwa uvivu. Ile nyepesi inageuka kwa vidole viwili, lakini haikupi nafasi hata ya kupiga chafya. Huko chini wanacheka. Kwangu anapanda kuuliza kama wali umebaki.

Sikuogopa kuibiwa mume, dada. Niliyaonea wivu yale mazungumzo. Nikamvalia Margaret kanga ya mafumbo wiki nzima, akanisifu rangi.

Shaame akaunda ndege ndogo ya mfano, kwa mtihani. Margaret akamshauri asogeze uzito nyuma kidogo ipate kugeuka vizuri, naye akasogeza. Siku ya kuirusha mbele ya walimu ikainua pua, ikapinduka, ikavunjika bawa. Amepewa mwezi mmoja aunde nyingine. Akamlaumu Margaret kwa maneno mazito, na yule mama akamfungia mlango.

Dada, ni mimi. Asubuhi ile nilichomoa puani mwa ile ndege chubwi la risasi, uzito kama ule wa mshipi wa kuvulia. Nilidhani itakataa kuruka tu, naye achoke, akae na sisi. Sikujua ndilo lililoituliza.

Jana nilimshukia Margaret nalo mkononi. Akalipima kiganjani, akasema, "Ungeshuka ukaniuliza, ningekufunza na wewe."

Shaame nimemwambia leo. Kambeba mtoto, kashuka kuomba radhi, na sasa nawasikia wanacheka tena. Wivu haujanitoka, dada, nisikudanganye. Lakini sitakaa tena juu ya ngazi nikisikiliza.

Msalimie mama, na watoto uwabusu. Bado nahitaji udi, hina pakiti mbili, mafuta ya nazi chupa moja, na cheti changu cha darasa la nane. Kimo sandukuni kwa mama, chini ya mashuka. Chuo cha jioni wanakitaka kabla ya mwisho wa Aprili.

Mdogo wako akupendaye,
Zuwena