Nilitia Mbuzi Kwenye Wimbo wa Bubu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Kabla hujavua kiatu unirushie, naomba msaada wako, maana nimefanya jambo na wiki ya tatu sasa nalizunguka natafuta pa kutokea sipaoni. Mimi ni kinyozi. Shule niliiacha katikati, au tuseme tulichokana, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake iweke mwenyewe. Lakini kwenye kichwa cha mtu sikosei. Wananiita Mkono Mwepesi, jina sikujipa, ingawa nisingepewa ningejipa. Mtu akikaa kwenye kiti changu anasinzia, akiamka anatazama kioo anauliza huyu kijana mzuri ni nani.

Sasa kilichoniponza ni muziki. Pale dukani kwa mjomba wangu, maana duka ni lake mimi ni mikono tu, nilibandika karatasi kwenye kioo yenye namba ya kujiunga na grupu letu la simu, linaitwa Kapu la Nyimbo, na sheria nilizitunga mimi: kila mtu wimbo mmoja kwa siku, uwe umeingia kabla ya adhuhuri, hotuba hatutaki, na anayeleta wimbo ambao hakuna mwingine aliyewahi kuusikia ndiye Bingwa wa wiki. Tulianza wateja kumi na mmoja, mteja akamwita shemeji yake, shemeji akawaita wa kazini kwake, leo tumepita mia na wengine wako nchi ambazo mimi nazisikia kwenye taarifa ya habari tu. Yupo nesi anayetuwekea kwaya akitoka zamu, yupo dereva wa lori anayeleta nyimbo za lugha ambazo hata yeye hazielewi ila anasema zinapandisha mlima. Nimejua muziki mimi, mshauri. Na Bingwa nilikuwa mimi, wiki saba mfululizo, usibishe.

Ndipo akaingia Bubu. Namba tupu, hana jina, hana picha, hana salamu, kila siku saa mbili asubuhi anaweka wimbo halafu kimya hadi kesho, ndiyo maana tukamwita hivyo. Nyimbo zenyewe za zamani, mama mmoja anaimba, gitaa moja linamfuata, watu wanapiga vigelegele kama vile ni harusini, na nyuma kabisa unasikia tiki tiki tiki kama mtu kajifungia kabatini na saa zake. Nilizitafuta mtandao mzima nimuumbue kwamba kaziokota mahali, sikuziona popote.

Wimbo wake wa tatu ulinikuta nafagia nywele. Yule mama anamwimbia mtu aliyekawia kurudi nyumbani, anamwambia umechelewa, lakini taa sijazima. Basi. Ni hayo tu, anayarudia, kila akiyarudia yanakuwa mazito zaidi. Nilisimama na fagio kama mlinzi hadi mjomba akaniuliza umeona nyoka? Nikaupakua nikauficha kwenye simu, faili nikaliita Hesabu, maana najua hakuna mshikaji wangu atakayefungua kitu kinachoitwa Hesabu.

Lakini mshauri, watu wakaanza kuzidisha. Nesi anaandika, Bubu, leo umenitoa machozi kwenye korido ya wodi. Dereva anaandika, Bubu, nimeegesha lori pembeni nisikie vizuri. Wiki ya kwanza Bingwa Bubu, ya pili Bubu, ya tatu Bubu, na hata asante hasemi! Nikaona hapana, huyu anataka kunipokonya kijiji nilichokijenga mwenyewe. Nikaufungua ule wimbo wa taa, nikaukatakata kwa simu yangu, na kila mama akisema taa sijazima nikaweka mbuzi anajibu meee. Kwenye kiitikio nikaweka mbuzi wawili. Nikaupa jina Mama Mbuzi nikautupia kwenye grupu. Ulikuwa utani tu. Watu walicheka, wacha wee, wakautuma kwao, na kwao wakautuma kwingine, siku ya tatu watoto wa shule wanapita mbele ya duka wanalia mee mee, na mimi nimekaa mlangoni kama waziri.

 Ila kwa Bubu, kesho yake saa mbili hakuna wimbo, na kesho kutwa hakuna.

Jumamosi akaja fundi saa. Huyu mzee ana kibanda chake mtaa wa pili, kila wiki ya pili yuko kwetu, anavua kofia anaitundika kwenye msumari, anakaa, anasema punguza, basi. Nimeshafika nusu ya kichwa, upande wa kushoto umeisha wa kulia bado, jamaa waliokuwa kwenye benchi wakaanza, "Mkono, tupigie Mama Mbuzi!" Nikaunganisha spika kubwa. Benchi zima likawa zizi.

Mzee akainua mkono kutoka chini ya kitambaa. "Zima."

Nikamwambia, "Mzee wangu, vumilia kidogo ifike kwenye kiitikio, hapo wanaimba wawili."

"Mashine," akasema. "Zima hiyo mashine iliyo kichwani kwangu."

Nikazima. Spika nayo sijui nani aliizima. Akanitazama kupitia kioo, hakugeuka.

"Huyo unayemlilisha kama mbuzi ni mke wangu. Na aliyechelewa kwenye huo wimbo ni mimi."

Akavua kitambaa, akakikunja pembe kwa pembe, akakiweka kwenye kiti, akatoka. Na nusu ya kichwa. Mchana kweupe, mtaa mzima unaona. Kofia aliisahau kwenye msumari na iko pale mpaka leo, hakuna anayethubutu kuigusa, wateja wapya wakitaka kutundika koti mjomba anawaambia shika mkononi.

Jioni ile grupu likaandika, Bubu ametoka.

Mjomba ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Kumbe yule mama alikuwa akiimba kwenye harusi za watu enzi zao, hakuwahi kuingia studio, mumewe ndiye alikuwa akimrekodi kwa redio kaseti. Katangulia mbele ya haki mwaka juzi. Kumebaki sanduku la kanda na zimechakaa, nyingine zikicheza mara moja zinakatika, basi kila asubuhi kabla ya kufungua kazi mzee alikuwa akitoa moja, anaiweka, anashikilia simu karibu na spika, anatuletea sisi. Nikamuuliza mjomba kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ningejuaje ndiye huyo Bubu wenu? Mpwa wangu, una mkono mwepesi, lakini mdomo wako umeushinda."

Wimbo nimeufuta kwenye grupu lakini umeshatawanyika, juzi mteja kanikalia kwenye kiti simu yake ikaita, meee. Mzee nilimtumia ujumbe, nikaandika samahani mzee ilikuwa utani, na kwa mazoea ya vidole nikaweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Alama mbili za bluu zikatokea, jibu hakuna. Kibandani kwake nimepita mara tatu, kila nikifika mlangoni miguu inajifanya ina safari nyingine. Nesi anauliza kwenye grupu Bubu yuko wapi, nikamjibu labda bando limemwishia.

Naomba unishauri. Nimefikiria nitengeneze upya ule wimbo, niondoe mbuzi, nitie ngoma kali na kinanda, uwe wa kumsafisha, na kwa kipaji changu utavuma kuliko ule wa kwanza. Au nimwombe tu arudi kwenye grupu maana watu wanamtaka? Mimi si mtu mbaya, mshauri, nilikuwa natania. Ila nyimbo alizoweka ni kumi na tisa, na sanduku mjomba anasema ni kubwa.

Wako, Mkono Mwepesi, Kinyozi

MSHAURI ANAJIBU

Mkono Mwepesi, marahaba. Kiatu nimekivua, kiko mezani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaona aibu kwamba nilicheka, kwa hiyo jua kwamba nakusema na mimi nikijisema.

Unarudia kuniambia utani, utani. Kwamba wimbo uliupenda umesema mara moja, tena hilo umelificha katikati ya barua kama ulivyolificha faili. Mwanangu, anayechoshwa na wimbo huupita. Wewe ulisimamishwa na fagio mkononi, ukaona aliyekusimamisha anakuvua taji, taji lenyewe umejivika, ukaenda kumchafua. Huo si utani. Ni wivu, na ungekuwa na adabu ya kuuita kwa jina lake usingehitaji mbuzi.

Na hayo masikio unayojivunia! Tiki tiki umeisikia siku kumi na tisa, na kila wiki ya pili unashika kichwa cha mtu anayeshinda katikati ya saa. Hukuunganisha. Bubu kwako alikuwa namba tu, na ukadhani namba haina nyumba wala msiba. Hapo nitakupa haki yako, si wewe peke yako, sote tunaoishi kwenye hayo makapu tunafanya hivyo. Na pia hukuniandikia ili nikusifu. Umeandika kwa sababu hulali vizuri, na hilo ndilo jambo la maana kuliko yote uliyosema.

Sasa sikiliza.

Leo hii andika kwenye grupu lako. Sema ule wimbo wa mbuzi uliutengeneza wewe, kwa wivu, na kwamba ule wa kweli uliupenda hadi ukaupakua. Sema habari ya bando ulidanganya. Waombe walionao waufute. Fundi usimtaje, alikuja bila jina kwa hiari yake na hilo si lako kulitoa. Kikatuni hata kimoja usiweke. Vidole vikikuwasha, vikalie.

Hawataufuta wote. Utausikia tena, na siku utakayousikia kwenye simu ya mteja, zima mashine umwambie ni wewe uliyefanya na ungependa asiucheze. Kila mara. Utachoka kujieleza. Yule mzee alitembea mtaa mzima na nusu ya kichwa, wewe tembea na hilo.

Ngoma na kinanda, marufuku. Usimguse tena yule mama! Umemharibu kwa mkasi wa simu, unataka kumtengeneza kwa mkasi uleule, na hata kwenye kutubu unapiga hesabu ya kuvuma. Hata ule wimbo safi ulio nao usiurudishe hadharani bila mwenyewe kusema sawa.

Halafu chukua ile kofia. Ishushe kwenye msumari kwa mkono wako mwenyewe, ipanguse nywele, uende nayo kwake. Mjomba asikusindikize wala asikusemee. Mashine ya kunyolea iache dukani, kichwa chake ameshakimaliza anavyojua. Na usiende saa mbili asubuhi. Saa hiyo ni yao, yeye na mkewe. Nenda baadaye, akiwa ameshafungua kazi.

Mwambie, mzee, nimekosa. Mara moja, kisha funga mdomo. Asipokujibu, weka kofia mezani, aga, uondoke, na wiki ijayo upite tena umwamkie ukiwa nje ya mlango, na wiki nyingine vivyo hivyo. Arudi kwenye grupu asirudi, hilo usiligusie kabisa. Zile kanda zilizobaki si deni lake kwenu. Huenda hutazisikia kamwe, na hilo uzoee kulibeba.

La mwisho. Barua yako ina nesi, ina dereva, ina mjomba, ina watoto wa shule, ina hadi mbuzi wawili. Yule mwimbaji umemwita mama mmoja, halafu Mama Mbuzi, halafu yule mama. Aliitwa nani? Hujaniambia kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu hujauliza.

Basi fundi akikuvutia kiti, hilo ndilo swali lako. Akishakujibu, na usikilize vizuri, toa simu yako pale pale mbele yake, futa neno Hesabu, uandike jina lake.