Mahindi ya Kaka Yangu

Mjukuu wangu Adela,

Huku Mabamba tu wazima. Mama yako amemaliza kupalilia maharage, ila goti langu linalalamika kuliko mimi. Unauliza ufanyeje na pua hii uliyorithi kwangu, maana wenzako wa bweni wanakuita mbwa wa polisi. Una nafuu. Mimi niliitwa mchawi.

Nilikuwa bado msichana. Magunia yangu manane, niliyoyalima mwenyewe, yalikaa ghala moja na ishirini ya kaka yangu Filipo. Siku moja nikafungua mlango nikasikia harufu ya uvundo, ndogo tu, kama nguo iliyokunjwa mbichi.

"Kaka, mahindi yanavunda. Tuyaanike."

Akacheka mbele ya watu. "Pua ya mwanamke ikanuse mboga jikoni!"

Nikayatoa yangu manane, nikayaanika peke yangu. Yake yakaoza yote ishirini. Unadhani alinishukuru? Alisema nimeyaroga, na tangu hapo hanisalimii, hata msibani.

Juzi kamtuma kijana wake na mahindi kiganja kimoja, yamefungwa kwenye kitambaa.

"Mzee anasema unuse."

Salamu hakuna. Nikanusa. "Mwambie ayaanike leo hii, yameanza."

Basi wewe ukinusa kitu, sema mara moja, kisha okoa gunia lako. Shukrani usiisubiri. Jana nilipita kwake nikayaona yameanikwa uani, yamepona. Mwenyewe alikuwa amekaa kando yake. Aliponiona, akageukia ukutani.

Bibi yako,
Skola