Wajina wa Mjapani

Jumapili jioni, Msamala. Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno, na mimi nina furaha mbaya moyoni.

Nimemwambia baba mkwe.

Mzee Longinus amefika mchana kutoka kijijini, jogoo kwapani, na shuka jipya la mtoto kwenye mfuko. Nimempa shikamoo, hata kuitikia hajamaliza, macho yako kwa mwanangu. "Wajina! Wajina wangu huyo!" Kwenye ukoo wao mjukuu wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu, hilo halina mjadala. Nilipomzaa Eliza, mzee hakuja. Nilipomzaa Neema, alituma salamu kwamba nijitahidi. Nijitahidi! Kama vile nilikuwa nalima kwa uvivu.

Sasa mume wangu amechanganyikiwa na mchezaji mpira wa Kijapani, anaitwa Kenji. Mechi zake wala haangalii mpaka mwisho. Ni ule umaarufu wa mtandaoni: mamilioni wanamfuata, akipiga chafya tu watu wanamwaga mioyo. Siku moja Kenji akaipenda komenti ya Baba Eliza. Moja tu! Mtoto alipozaliwa akampa jina hilo, akamvisha jezi inayomfunika miguu, akatupia picha. Wajapani wakamiminika kumsifia. Mzee Longinus hakuambiwa, na mimi nikaamriwa ninyamaze mpaka ubatizo.

Ningenyamaza. Lakini Neema alimletea babu yake maji ya kunawa, kashika kopo kwa mikono miwili lisimwagike, na mzee akasema, "Hawa wasichana mnawalisha bure, ni wa watu."

Nikapiga magoti kwa adabu zote. "Baba, huyu si wajina wako. Anaitwa Kenji. Ni jina la Mjapani wa kwenye simu."

Alidhani natania. Nikamwonyesha picha. Simu nilimshikia mwenyewe, maana alikuwa amempakata mtoto, na sikuiondoa upesi.

Akauliza kama huyo Mjapani anamjua mtoto. Nikasema hapana. Akauliza kama ana wajina wengine.

"Wengi, Baba. Dunia nzima."

"Mimi nilimtaka huyu mmoja tu," akasema. Akamlaza mtoto kwenye shuka jipya, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaenda zake stendi. Chakula hakugusa.

Nilitamani aumie, na ameumia. Nimekula wali wake pia.

Baba Eliza amerudi sasa hivi, anamtafuta mzee wapige picha na mtoto, eti Wajapani wanapenda sana wazee. Nimemjibu kwamba baba yake amechoka, ameondoka. Atajijua.

Nilikuwa nataka nifunge simu hii ninayoandikia nilale na ushindi wangu. Ila Neema kaja kuniuliza kama babu alilia kwa sababu maji yalikuwa ya baridi.

Nimemwambia hapana, akalale. Bado yuko pale mlangoni na lile kopo.