Lango Jipya na Githeri ya Selpher

Huruma, Nairobi
Jumapili, 17 Mei 2026

Mpendwa dada yangu Triza,

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Makokha ya Huruma, ghorofa ya tatu, inatangaza kifo cha mkebe mmoja wa mahindi na maharagwe, uliotutoka ghafla Jumatano saa saba mchana. Marehemu alikuwa akisubiriwa na serikali. Ameacha sufuria tupu na mwiko mmoja.

Lakini adabu kwanza, matanga baadaye. Mulembe, dada. U hali gani huko Muscat? Mgongo umepoa, au bado unainama kama bibi anayetafuta sindano? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mke wangu Selpher hajambo, na kazi yake ya kunicheka inaendelea vizuri.

Mitchelle wako amerefuka. Sare niliyomshonea Januari imeshapanda juu ya magoti, naye huwaambia wateja wangu kwamba fundi alikosea vipimo. Meno ya mbele yameota, kwa hiyo yale mapengo uliyoyaona kwenye picha usiyalilie tena.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka ule uwanja karibu na makutano ya barabara kuu, tulipokuwa tukianika blanketi? Kampuni moja inataka kujenga pale jumba la maduka lenye maegesho ya magari mia sita. Mimi sina ugomvi na maduka. Fundi cherehani naye hupenda majirani wenye nguo za kupunguzwa kiuno. Ugomvi wetu ni lango. Kwenye michoro wameliweka upande wa barabara yetu ndogo, palepale watoto wanapovukia kwenda shule. Tayari magari yanayoshuka kutoka barabara kuu hukata kona hapo kama yanayofukuzwa. Ongeza mengine mia sita, kisha mwambie mtoto wa miaka minane avuke. Unamjua mtoto huyo, maana ulimzaa wewe.

Kaunti iliita kikao cha maoni ya wananchi Jumatano iliyopita. Ripoti ya kampuni, iliyotufikia kabla ya kikao, ilisema kwamba asubuhi barabara hiyo ina magari machache tu. Mzee Mulongo, mwenyekiti wetu, akasema tuhesabu wenyewe, tena kwa njia yake: ukishika kalamu, jicho linaondoka barabarani, kwa hiyo gari dogo ni punje ya mahindi, gari kubwa ni haragwe, na zote mkebeni. Siku nne tulikaa kwa zamu tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi. Mimi nikateuliwa mtunza mkebe. Cheo hicho nilikivaa kama koti jipya.

Nadhani ndugu yetu Job ameshakupigia kutoka Kitale akakwambia kwamba mimi nilisimama ukumbini nikawanyamazisha wataalamu. Mwisho wa hadithi yake ni kweli: maafisa hawakupitisha mradi. Wameagiza magari yahesabiwe upya siku za shule, na michoro irudi ikiwa na lango upande wa barabara kuu. Bado hatujamaliza, lakini nina hakika tutashinda. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na watu wa Huruma wakishajua njia ya kwenda kwenye kikao, hawaisahau.

Selpher anakusalimu. Mzee Mulongo anakusalimu na kuuliza kama umeolewa na Mwarabu. Mwanangu Shitanda anauliza kuhusu viatu ulivyomwahidi, nami nimemwambia salamu hazina saizi. Nisalimie Raho, mwenzako wa chumbani, na umwambie asikuache upike peke yako.

Nilitaka kufunga barua hapa, Triza, sifa za Job zibaki zilipo. Lakini mtoto ni wako. Pokea ukweli.

Mulongo aliniagiza nizihesabu punje Jumamosi. Nikamwambia nimeshahesabu. Sikuwa nimehesabu hata moja. Nilizichanganya kwenye mkebe mmoja nikajiambia nitazichambua kesho, na kesho yangu unaijua tangu utoto. Jumatano mchana Selpher akanipa githeri tamu ajabu. Nikasifu, nikaongeza sahani, kisha nikauliza mkebe uko wapi.

"Mkebe gani?"

"Wa magari."

"Baba Shitanda," akasema polepole, "si hayo umemaliza kula?"

Nikashika kichwa. Akaja juu: "Mahindi na maharagwe kwa mkebe mmoja, jikoni kwangu, mimi nitajuaje ni ushahidi?"

Basi saa nane nikaenda ukumbini, msongamano wa siku nne ukiwa tumboni. Mulongo akaniita kwa fahari nitoe hesabu. Nikasimama. Nikasema, "Magari ni mengi." Afisa akauliza ni mengi kiasi gani. Nikasema, "Sana." Kijana mmoja akapaza sauti nyuma, "Buda, leta namba ama ukae!" Nikakaa.

Aliyetuokoa ni Muhiba, yule jirani mwenye meza ya mahamri pale watoto wanapovukia. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, akawaelekea vijana wawili wa kampuni waliokuwa wameketi mbele.

"Wanangu, si ni nyinyi mlikaa karibu na meza yangu mkihesabu magari? Nikawapa pilau, mkasema mama, ongeza kachumbari?"

Wakaitikia kwa vichwa.

"Haya, waambieni wakubwa. Ile pilau ilikuwa ya siku gani?"

Mmoja akatazama viatu vyake. "Ya Idi."

Ukumbi ulilipuka, dada! Sikukuu, shule zimefungwa, barabara tupu kama ukumbi wa harusi baada ya chakula. Afisa akafunua ripoti hadi ukurasa wa nyuma, akasoma tarehe, akaifunga. Muhiba hakukaa. Akasema yeye hadai malipo ya pilau wala hakatai jumba, lakini kila asubuhi huwavusha watoto arobaini na watatu, na anawajua kwa majina. Akaanza kuyataja. La tatu lilikuwa Mitchelle.

Hapo ndipo githeri iliponikwama. Januari nilikuandikia kwamba namvusha mwenyewe kila asubuhi. Nilimvusha wiki mbili. Kisha baridi ya alfajiri, goti na chai ya Selpher vikanishinda, na Muhiba akaanza kumshika mkono bila kuniuliza wala kunisema. Wewe ulikuwa ukinishukuru kwa kazi yake. Nisamehe, dada.

Alhamisi na Ijumaa nimemvusha mimi. Siku ya kwanza Mitchelle alinitazama akauliza, "Mjomba, umepotea?" Muhiba alicheka mpaka mahamri yakaungua upande mmoja, nami nikala hayo ya kuungua kama faini. Kesho nitakuwa pale tena.

Mungu akulinde huko uliko, akurudishe salama, ukute lango limehamishwa na mwanao akiwa ng'ambo ya barabara, amefika.

Wako akupendaye, goti na yote,
kaka yako Nalianya